Peni Ishirini Isiyo na Mwaka

Wakio,

Salamu nimeziruka, maana tunalala nyumba moja na leo asubuhi tulipopishana mlangoni mwa bafu uliniambia "hej" kama unavyomwambia jirani wa juu. Tangu Jumapili tumekuwa wapangaji. Napika, unakula umesimama. Nikikuuliza kitu unajibu "visst", sawa, nikirudia unajibu "sen", baadaye, na mimi nimekulea, najua kwamba ukishaanza kunipa Kiswidi cha neno moja moja basi mlango umefungwa kwa ndani.

Sasa umekwenda kuwaaga wenzako kule kituo cha treni cha Alby, hapa mtaani kwetu, baba yako yuko zamu na basi lake, na sanduku lako limesimama koridoni, limejaa mpaka linaegemea ukuta. Jua la Agosti bado limeng'ang'ania madirisha ya jengo la mbele. Kesho mchana utakuwa angani. Nimekaa jikoni na karatasi kwa sababu kwa mdomo siwezi. Nikianza kwa mdomo nitapandisha sauti, wewe utaingia chumbani kwako, na kesho tutaagana pale uwanja wa ndege kwa kukumbatiana kwa ajili ya watu wanaotutazama. Sitaki hivyo.

Mambo ya sweta, dawa ya kikohozi na kupiga simu kila wiki nimemwachia baba yako. Amekutumia ujumbe mrefu kuliko wosia wa tajiri. Mimi nina jambo moja tu, na unalijua. Ni ile peni ishirini.

Nitalieleza toka mwanzo ingawa ulikuwepo, kwa sababu Jumapili kila mtu alishika upande wake na hakuna aliyemaliza sentensi.

Mama wadogo wa watoto wengine wakija kutembea huleta chokoleti. Wako wewe, Mkamburi, huja kutoka Leicester, Uingereza, na kopo la biskuti lililojaa chenji. Anafanya kazi jikoni kwenye shule, na kila sarafu inayobaki mfukoni mwa aproni huitupa humo mpaka siku ya safari. Katika mji huu ambao hata choo cha stesheni kinalipiwa kwa kadi, wewe ulizijua sarafu kupitia kopo la Mkamburi. Tulikuwa tunatandika gazeti mezani, tunawasha taa ya kusomea, na lenzi ile ndogo tunapokezana. Nilikuonyesha kwamba sarafu mbili za mwaka mmoja, thamani moja, uso mmoja, zinaweza kuwa hazikutoka kwenye muhuri mmoja. Kwenye moja mguu wa herufi unaelekea kishanga, kile kinundu kidogo cha ukingoni. Kwenye nyingine mguu uleule unaelekea pengo lililo kati ya vishanga viwili. Mtu mwingine angesema hatuna kazi. Baba yako alisema hivyo, tena mara nyingi. Lakini wewe ulikuwa na jicho. Ulikuwa bado hujui kufunga kamba za viatu na ulishajua kutofautisha vishanga.

Julai hii Mkamburi amekuja, kopo limekuja, na wewe ukatoa humo peni ishirini isiyo na mwaka. Ulipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Nami nilipiga kelele, nisijitoe. Kila anayezipenda sarafu za Uingereza anaijua hadithi hiyo: zamani mwaka ulikuwa upande wa ua la waridi, mchoro ulipobadilishwa, upande ule ukawa kipande cha ngao, na mwaka ukahamishiwa upande wa malkia. Katika kuhama huko, kwenye kiwanda cha sarafu waligonga ngao mpya pamoja na uso wa zamani wa malkia, zikatoka sarafu zisizo na mwaka kokote. Zikaingia sokoni, watu wakanunulia maziwa. Kuipata moja ndani ya kopo la biskuti ni bahati ambayo mtu huisimulia mpaka uzeeni.

Nawe uliisimulia. Ulimwandikia yule mzee mwenye duka la sarafu huko Leicester, mji unaokwenda kusoma. Akakujibu vizuri sana. Akasema ukifika upitie, anahitaji mtu wa kumsaidia Jumamosi, na wanachama wa chama chao cha sarafu watafurahi jioni moja wakikusikia ukieleza ulivyoipata. Ulinisomea barua ile ukiwa umesimama juu ya kiti. Mchungaji akaitaja peni yako kwenye matangazo, kanisa zima likapiga makofi, na sidhani kama nusu yao walielewa walikuwa wanapigia makofi nini.

Halafu ikaja Jumapili. Nilitaka tu kuipiga picha nimtumie bibi yako kule Wundanyi. Nikavuta taa nikaiweka ubavuni, mazoea ya kazini kwenye kiwanda cha dawa, maana vidonge pia tunavimulika kwa ubavu ili ufa utoe kivuli. Nikaona.

Herufi zilikuwa zimebanana. Kwenye uso wa zamani herufi zimetawanywa zijaze mzunguko, kwa kuwa hapakuwa na mwaka wa kuwekwa hapo. Kwenye uso mpya zilisogezwa zikabanana ili mwaka upate nafasi. Zako zimebanana, na baada ya herufi ya mwisho pana mahali patupu kama pengo la jino. Kwa taa ya ubavuni pengo hilo lina shimo kidogo, na ndani yake mikwaruzo membamba, yote ikielekea upande mmoja. Kuna mtu aliukwangua ule mwaka. Pengine alitaka kumuuzia mjinga, akashindwa, akanunulia chai, na Mkamburi akarudishiwa kama chenji.

Nikakuita. "Wakio, njoo uangalie mwisho wa maandishi."

"Den är sliten, mama." Imechakaa, ukasema, hata hujafika mezani.

"Imechakaa mahali pamoja tu?"

"Du ser fel." Eti naona vibaya. "Umezoea kutafuta makosa kwenye vidonge, sasa unayatafuta kwangu."

"Basi tuiweke pamoja na ya kawaida."

Ukaichukua mkononi mwangu. Hukuinyakua, uliichukua taratibu, ukaifunga kwenye kifuko chake, ukaenda chumbani. Mpaka sasa hatujazungumza.

Nitakuambia ninachokiogopa, na ukikasirika kasirika. Kosa la macho haliniogopeshi. Kila mwenye macho hukosea. Ila nimeiona ile picha uliyomtumia mzee, ulinionyesha mwenyewe ulipokuwa na furaha. Umeipiga kwa taa ya juu kabisa, na umeikata karibu na uso wa malkia mpaka mwisho wa maandishi haumo. Taa ya juu hufuta vivuli. Hilo nilikufundisha mimi, mezani hapa. Kwa hiyo nimekaa siku zote hizi nikijiuliza kama mwanangu hakuona au aliona. Na Jumapili, ulipokuwa unaifunga kwenye kifuko, kidole chako kilipita juu ya lile pengo kikasimama. Nilikuona ukiona.

Mzee akiigundua, na ataigundua kabla hujavua koti, atakuhesabu kipofu au mwongo. Hiyo ni aibu ya jioni moja. Ninachokiogopa zaidi ni asipoigundua. Macho yake yakiwa yamechoka, au akiwa amekupenda, aiweke kwenye kabati la kioo na jina lako chini yake. Hapo kila Jumamosi utaingia dukani ukiitazama ikikutazama.

Sasa sikiliza nilichofanya baada ya wewe kutoka leo. Nilikwenda koridoni nikapiga magoti mbele ya sanduku lako. Najua umeiweka kwenye mfuko wa mbele. Mkono wangu ulikuwa kwenye zipu. Nilishapanga kila kitu: naitoa, naitupa ziwani kesho kutwa, wewe unafika Leicester unaikosa, unalia, unamwambia mzee imepotea. Na kazi yako inabaki. Na jina lako linabaki safi. Nikawaza kwamba huko ndiko kumpenda mtoto.

Kilichonizuia ni ile peni mbili yako ya kwanza.

Huenda umeisahau, mimi sijaisahau. Ulikuwa darasa la pili. Tulikuwa tunazipima peni mbili za mwaka 1998 kwa yule farasi mwekundu wa sumaku aliyekuwa akibandika ratiba kwenye jokofu, kwa sababu mwaka ule walitengeneza za chuma kilichopakwa shaba na za shaba tupu pia, na kwa macho huwezi kuzitenga. Farasi akazinyanyua zote, isipokuwa moja. Ukamgusisha tena na tena, akakataa. Uliilaza chini ya mto. Kesho yake ilikuwa siku yako ya kuonyesha kitu darasani.

Nami nikaona ile sarafu ni nyeusi. Nikaona walimu wale watasema mtoto wa Alby, mtaa wa wageni, kaleta uchafu. Nikafanya kama mama yangu alivyokuwa akivifanyia vinara vya shaba vya kanisa letu kila Jumamosi, limau na chumvi, sugua, suuza, sugua. Ikang'aa. Ikawa na rangi ya waridi kama kidonda kinachopona. Nikaiweka kwenye kiganja chako asubuhi nikingoja unishukuru. Ukaitazama, ukanitazama, ukaniuliza, "Yangu iko wapi?"

Siku ile sikujua. Leo kila mkusanyaji anajua, na wewe unajua kuliko mimi, kwamba sarafu ukiisugua umeiua. Ule weusi ndio ngozi yake. Lakini hata kama ningekuwa najua, nadhani ningeisugua tu. Haya ndiyo maradhi yangu. Kitu cha mtoto wangu kikiwa na doa mbele za watu, mkono wangu hauulizi, unakwenda. Nimekusugulia insha za shule. Nimekusugulia ugomvi na rafiki zako kwa kuwapigia wazazi wao simu. Ile siku ulipoacha mpira wa mikono niliwaambia watu kwamba goti lako linauma, na goti lako lilikuwa zima, ulikuwa umechoka tu na yule kocha. Ukanisikia nikisema goti. Huenda hapo ndipo ulipojifunza kuikata picha, na hilo limenikaa kifuani tangu Jumapili, Wakio, limenikaa vibaya.

Basi nikaiacha zipu. Sarafu yako iko palepale ulipoiweka, sijaigusa.

Nikaenda dirishani nikamwona mwanamke akipita na mkokoteni wa sokoni, mgongo wake kama wa Mama Furaha. Hakuwa yeye. Lakini nimeshamtaja, basi na tumalize.

Unamkumbuka Mama Furaha wa Bukavu, aliyekuwa akikaa ubavuni mwangu kanisani, ukumbi ule wa kukodi wa Fittja. Alikuwa akikupa peremende wakati wa maombi marefu. Mara nyingi umeniuliza kwa nini hatuonani naye tena, nami nikakuambia amehamia Södertälje, maisha yametuvuta huku na huku. Kuhama amehama kweli. Lakini alihama kiti kabla ya kuhama mji.

Ilikuwa habari ya sarafu za pauni mbili. Nilikuwa nimeona kwamba nyingine, ukiilaza uso wa malkia juu, maandishi ya ukingoni yanasomeka sawa, na nyingine yanasomeka kichwa chini. Nikadhani nimegundua kosa la kiwanda. Sikumuuliza mtu. Nilisimama na kikombe cha chai baada ya ibada nikawatangazia: hizi za kichwa chini ni adimu, mkizipata msizitumie. Wenye ndugu Uingereza wakazitoa mikobani. Mama Furaha alikuwa na mpwa wake London aliyemletea rundo zima, akachagua za kichwa chini, akazifunga kwenye leso. Akasema atazipeleka duka la sarafu kule mjini. Alikuwa anataka nauli ya kwenda kumwona mama yake.

Siku chache kabla hajaenda nikasoma ukweli. Ukingo huandikwa kwanza, kwenye bamba tupu, kisha bamba linaangukia mashine ya kugonga nyuso vyovyote litakavyoanguka. Nusu huwa hivi, nusu huwa vile. Hakuna kosa wala uadimu, ni kama kuangusha chapati sakafuni. Nilikuwa na namba yake ya simu. Nikajiambia, nitamwambia Jumapili, ana kwa ana, ni heshima zaidi. Ukitafuta sababu nzuri ya kuchelewesha jambo baya hukosi, mimi niliipata ndani ya dakika moja.

Jumapili ilipofika alikuwa ameshakwenda dukani.

"Mama Wakio," akaniambia, "ule bwana alinicheka mbele ya watu. Eti, mais madame, hii ni kitu ya kawaida. Na miye nikamwambia hapana, rafiki yangu anajua."

Rafiki yangu anajua. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Labda yule bwana haijui kazi yake." Akanitazama akitaka kuniamini, na akaniamini, wiki nzima aliniamini, mpaka mpwa wake alipomweleza habari ya ukingo. Jumapili iliyofuata akakaa safu ya nyuma. Siku hizi tukikutana stesheni nikitoka kazini ananiambia "bonjour, mama" kwa adabu zote, kisha anaweka visikizio vyake masikioni. Kuchekwa na mtu wa dukani angenisamehe. Alichoshindwa kunisamehe, nadhani, ni kwamba alihisi nilijua nikamwacha aendelee kunitetea.

Bibi yako husema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimelisikia neno hilo tangu utoto na halikunisaidia kitu siku ile, kwa hiyo sikupi kama dawa. Nakuambia tu nilivyoona kazini. Pale kiwandani ukishuku kidonge unabonyeza kitufe na mstari wote unasimama. Mwaka wangu wa kwanza niliwahi kungoja, nikisema huenda macho yangu, acha vipite vingine nihakikishe. Tulitupa mzigo wa siku nzima. Msimamizi wetu, Mswidi mmoja asiyependa maneno, hakunigombeza. Aliniuliza tu ni lini nilianza kushuku. Nikamwambia. Akasema, basi hapo ndipo ulipopaswa kubonyeza, si ulipokuwa na hakika. Tangu siku hiyo kwa vidonge nabonyeza mapema. Kwa binadamu bado nachelewa.

Nasikia ufunguo. Umerudi.

Naandika haya ukiwa umeingia, nisiyasahau. Ulivua viatu, ukaja mpaka mlangoni mwa jikoni, ukaniona na karatasi.

"Vad skriver du?"

"Barua."

"Till vem?"

"Kwako."

"Jag är ju här." Mimi si niko hapa, ukasema.

"Uko, lakini hupatikani."

Midomo yako ilitaka kucheka ukaizuia. Ukanywa maji, ukaosha glasi, jambo ambalo hulifanyi, ukaenda zako. Nikasikia zipu ya sanduku ikifunguliwa. Moyo wangu ulikwenda mbio kama mwizi, na mimi sikuiba kitu. Nilidhani unahakikisha kama ipo.

Ukarudi. Ukasimama palepale mlangoni, na safari hii uliniuliza kwa Kiswahili.

"Mama, ile ya kawaida iko wapi?"

Nikakuonyesha kopo. Ulichagua peni ishirini mojawapo, ukavuta kiti chako cha zamani, ukavuta taa. Uliivuta ubavuni. Nikainamisha kichwa kwenye karatasi nijifanye naandika, na kweli nikaandika, angalia mstari huu ulivyopinda.

Lenzi ikagonga meza.

"Ulijua Jumapili," ukasema.

"Nawe ulijua."

"Mimi nilijua kabla." Ukaigeuza sarafu. "Nilipoipiga picha. Nilidhani labda naona vibaya. Sen kom hans brev, och alla blev så glada." Halafu barua yake ikaja, na kila mtu akafurahi hivyo. Hapo sauti yako ilikatika, nami nikaibana kalamu nisije nikainuka kukukumbatia, maana nikikukumbatia ningekuambia yaishe, na hayajaisha.

"Nitamwambia nikifika," ukasema. "Ana kwa ana. Ndiyo heshima."

Wakio, nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwako. Nikasema, "Mwambie sasa."

"Ataniondolea kazi ya Jumamosi."

"Huenda."

"Na Mchungaji? Na kanisa lote?"

"Mchungaji niachie mimi. Hata hivyo hajui peni ni kitu gani."

Ukamwandikia mzee kwenye simu. Uliandika, ukafuta, ukaandika. Kisha ukaisukuma mezani kuelekea kwangu, nisome kabla haijaondoka. Ilikuwa fupi. Ulimwambia mwaka umekwanguliwa, ukamweleza herufi zilivyobanana, na mwishoni ukaandika kwamba picha uliikata wewe kwa makusudi ili pengo lisionekane.

Sentensi ile ya mwisho. Kidole changu kilikuwa juu yake. Haina haja, niliwaza. Mzee hatajua kamwe kuhusu picha. Useme tu kwamba umeitazama tena ukaona. Ingekuwa barua safi, inayong'aa. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga, nikakurudishia simu yako, nikasema, "Ni yako."

Ukabonyeza. Imekwenda. Mzee hajajibu, na sijui kama atajibu leo, wala kama utakuwa na pa kwenda Jumamosi. Sitakuambia mambo yatakuwa mazuri kwa sababu sijui, na leo sina hamu ya kusema nisiyoyajua.

Nilidhani barua hii itaishia hapo, kwa maneno ya baraka. Nilikuwa nimeyaandaa. Lakini ulipokuwa unangoja simu ilie, mkono wako ulizivuta kurasa nilizokwisha kuandika, na sikukuzuia, ni zako. Umezisoma zote. Penye zipu uliniangalia. Penye goti ulitikisa kichwa. Penye Mama Furaha ulisoma mara mbili, ukaweka kidole juu ya jina lake.

"Na wewe ulimwambia lini?"

"Nani?"

"Mama. Usijifanye."

"Yeye anajua. Mpwa wake alimweleza."

"Si hilo. Kwamba ulijua kabla hajaenda dukani. Ulimwambia lini?"

Nikakuambia ni mambo ya zamani. Nikakuambia saa hizi atakuwa anakula. Nikakuambia kwamba nikikutana naye stesheni wiki ijayo nitamwambia vizuri, ana kwa ana, na nilipofika hapo nikaisikia sauti yangu, nikaikata sentensi. Wewe hukucheka. Umenyoosha mkono ukachukua simu yangu kando ya kopo, umetafuta, umeiweka juu ya karatasi hii hii, jina lake likiwa kwenye kioo, na kidole chako kimeshabonyeza.

Inaita.

Mama yako